Kelele za Gari la Taniela

Leimatu'a, Vava'u, Tonga
7 Machi 1994

Mwanangu Luseane,

Kwanza namshukuru Mungu aliyetuvusha kwenye upepo wa mwezi jana, paa likabaki juu ya kuta zake. Huku tu wazima. Goti langu la kushoto bado linatabiri mvua, na siku hizi linatabiri vizuri kuliko redio. Mikeka miwili mikubwa nimeimaliza. Wa tatu umekwama kwa sababu wenzangu wanakuja kusuka maneno, si mikeka. Nguruwe wako yule mwenye sikio lililochanika amezaa saba, na mishelisheli imezaa mno hadi tunawapa hao nguruwe. Natumaini nawe uko salama huko Robinvale na zabibu za watu hazijakuvunja mgongo.

Baba yako hajambo. Anakula vizuri.

Sasa jambo lenyewe. Gari la baba yako limeingiwa na kiburi. Asubuhi akiliwasha linakoroma nga, nga, nga, kisha linanyamaza kama mgeni aliyeulizwa anaondoka lini. Inabidi wanaume walisukume hadi mteremko wa kanisani, na hapo ndipo linawaka. Wiki iliyopita liligoma njiani na mzigo wa viazi vikuu mgongoni, vikalala huko huko na kunyeshewa.

Unajua kijiji hiki kinavyolitegemea. Ni gari kongwe kuliko wewe, lakini ndilo linalopeleka magimbi sokoni Neiafu, na ndilo linalobeba majeneza yetu. Fundi wa upande huu wote ni baba yako, sasa gari la fundi likiugua tumpelekee nani? Nilimtuma mtoto na ujumbe kumuuliza lina nini. Jibu likarudi kwamba halina kitu. Mimi siwezi kwenda kuinama naye kwenye boneti na kubishana, kwa mila yetu dada na kaka hawakai kuzungumza, wana mipaka yao. Ndiyo maana nakuandikia wewe uliyekulia chini ya gari hilo. Nieleze la kufanya, na unieleze kama mtu asiyeweza kutofautisha bisibisi na mwiko.

Baba yako anakusalimu.

Shangazi yako,
Lesieli


Robinvale, Victoria, Australia
2 Aprili 1994

Shangazi yangu mheshimiwa,

Barua yako ilinikuta mzima, ila mikono imechanika kwa mavuno. Tumebakiza safu chache tu za zabibu. Jumamosi uani kwangu hapageuki mtu, maana Watonga wote wa hapa huniletea magari yao makuukuu, nami nalala chini yao kama alivyonifundisha Baba. Hawana cha kunilipa, wananiletea nyama ya kondoo. Nimenenepa, utanicheka ukiniona.

Kuhusu gari. Kukoroma taratibu namna hiyo ni umeme mdogo. Giza likiingia, mwambie mtu awashe taa za mbele kisha ajaribu kuwasha gari, wewe simama mbele uangalie. Taa zikififia karibu kuzima, betri haina nguvu. Hapo sababu huwa ni moja kati ya mbili. Ama vichwa vya betri vimeota unga na umeme haupiti, ama betri haichajiwi gari linapotembea.

Anza na unga, ndiyo kazi rahisi. Gari likiwa limezimwa, fungua kwanza waya wa hasi, halafu ule mwingine. Changanya magadi na maji ya uvuguvugu, mwagia, sugua kwa mswaki mkuukuu hadi uone chuma kinang'aa, kausha. Ukirudisha, waya wa hasi uwe wa mwisho. Usishike macho kwa mikono hiyo, ule unga unaunguza.

Shangazi, naomba nikuulize. Umeandika kwamba Baba ananisalimu. Alisema kwa kinywa chake, au ni wewe umeniwekea salamu kama unavyoweka nazi kwenye mboga?

Mwaka mpya nilimtumia kaseti. Je, ilifika? Alisema lolote? Kama hakusema, haidhuru.

Mwanao,
Luseane


Leimatu'a
25 Aprili 1994

Mwanangu,

Pasaka imepita salama na matumbo yetu yamejaa. Goti ni lile lile. Mkeka wa tatu nao ni ule ule.

Kazi ya betri nimeifanya mwenyewe. Nilingoja baba yako aende mazoezi ya kwaya, nikavaa glavu za kupandia magimbi, nikafungua boneti. Mimi, Lesieli! Nilikuta unga wa kijani na mweupe kama ukungu wa mkate. Nimesugua kama nilivyokuwa nakusugua wewe masikio siku za kanisa. Gari likawaka wiki nzima bila kusukumwa, nikatembea kijijini kifua mbele. Halafu likarudia kiburi chake. Kwa hiyo ile sababu yako ya kwanza tumeiua, imebaki ya pili.

Na sasa limepata ugonjwa mpya. Linachemka. Juzi baba yako alitoka shambani na moshi wa maji umefunika kioo cha mbele. Watu wote barabarani wakawa wanampungia mikono na kupiga mayowe asimame, naye akawapungia kwa furaha, akapita. Alisimama tu alipokuwa haoni tena njia. Hata nguruwe siku hizi wakiona gari hilo linakuja wanatawanyika vichakani wakilalama, wala sijui nani aliwatisha.

Kwaya nayo ina mambo yake. Baba yako, besi wetu wa kutegemewa, siku ya Pasaka aliendelea kuimba mstari mzima wote tulipokwisha kunyamaza. Mchungaji alisubiri kwa heshima. Wengine walidhani ameshukiwa na Roho. Tangu siku hiyo amekaa nyuma na kusema koo linamuuma.

Umeniuliza kuhusu kaseti. Ilifika. Aliichukua pamoja na redio, akaingia chumbani, akafunga mlango. Mimi nikahamia jikoni nje, kwa sababu neno la binti kwa baba yake huenda ni neno la aibu, na dada hasikilizi neno kama hilo pamoja na kaka yake. Alikaa ndani muda mrefu. Akatoka, akachukua panga, akaenda shambani. Hajasema kitu. Nami siulizi, unajua siwezi.

Salamu ndiyo, nilikuwekea mimi. Lakini najua zimo moyoni mwake.

Shangazi


Robinvale
17 Mei 1994

Shangazi,

Mimi mzima. Baridi imeanza. Tunapogoa mizabibu na vidole havifungi vizuri.

Gari likichemka, mtu yeyote asifungue kifuniko cha rejeta likiwa la moto. Maji yatamrukia usoni. Lizimwe, lipoe kabisa, ndipo mwangalie. Tazameni kama maji yamepungua, kama mpira wa rejeta umepasuka au una unyevu. Kisha kuna ukanda mweusi mbele ya injini, ndiyo feni belti. Injini ikiwa imezimwa, ibonyeze kwa kidole gumba katikati. Ikishuka upana wa kidole au chini ya hapo, nzima. Ikizama zaidi, imelegea. Belti hiyo moja ndiyo inayozungusha pampu ya maji na ndiyo inayochaji betri, kwa hiyo ikilegea unapata magonjwa mawili kwa mama mmoja.

Ila belti iliyolegea hulia, tena hulia vibaya. Baba angeisikia akiwa amelala. Ndiyo maana sina hakika. Wewe umesema nguruwe wanakimbia. Wanakimbia nini? Tafadhali irekodi sauti ya gari kwenye kaseti, likiwa baridi na likiwa limepata moto, unitumie. Nikisikia nitajua.

Kuhusu kaseti yangu, basi. Nilimwomba jambo, na aliyenyamaza amekwisha jibu. Nimemwambia mtu asubiri. Huenda nitamwambia aache kabisa. Usimuulize Baba chochote, na mimi usiniulize.

Luseane


Leimatu'a
13 Juni 1994

Luseane,

Tu wazima, na goti nimelisahau kwa hasira. Mtu gani?

Mimi ndiye dada mkubwa wa baba yako. Mimi ndiye fahu katika ukoo huu. Nikitaka nguruwe wake aliyenona, nachukua, naye anafunga kamba ananikabidhi kwa mikono miwili. Hakuna jambo la furaha litakaloingia nyumba hii bila mimi kutandika mikeka. Halafu wewe, mtoto niliyekutafunia viazi, unaniambia kuna "mtu", tena anasubiri, na nisiulize! Naam, siulizi. Naandika tu hapa kwamba siulizi.

Belti nimeibonyeza. Kidole kilizama kama kwenye tope. Nilituma ujumbe kwa baba yako kwamba belti imelegea, binti yako ndivyo asemavyo. Akajibu hivi, na nayaandika kama yalivyoletwa: "Belti ikilegea mimi naisikia kabla haijalegea. Dada aniachie gari." Huyu ni mtu ambaye maisha yake yote amelala na gari sikioni. Unamkumbuka alivyokuwa akiweka bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, kama daktari? Nani atabishana naye?

Kaseti hii hapa. Niliweka redio juu ya boneti, nikaenda kusimama mbali chini ya mshelisheli. Baba yako aliwasha. Nilimtumia neno kwamba ni wewe unayetaka kusikia, ndiyo maana akakubali kusema kidogo mwishoni. Mimi mbele ya kelele ile sikuelewa alisema nini.

Kelele yenyewe sijui niieleze vipi. Tulidhani ndivyo magari yanavyozeeka.

Shangazi yako aliyekatazwa kuuliza,
Lesieli


Robinvale
4 Julai 1994

Shangazi yangu mpendwa,

Salamu za nyumbani nitazileta barua nyingine, leo nisamehe. Kaseti nimeisikiliza jana jioni.

Gari kwanza. Ni belti, hakuna kingine. Inalia kama nguruwe anayechinjwa, na sasa najua kwa nini nguruwe wenu wanakimbia. Dawa yake ni ndogo. Mashine inayochaji betri imeshikwa na boliti mbili. Unazilegeza, unaivuta mashine nje kwa kijiti hadi belti ikaze, unafunga. Hata mimi nikiwa na miaka kumi nilikuwa naifanya, Baba akiwa amekaa kwenye ndoo anakula embe.

Lakini mwishoni mwa kaseti, Shangazi, belti ikiwa inapiga mayowe hadi spika yangu inakwaruza, Baba anasema, tena kwa kupaza sauti kama anaita mtu ng'ambo ya kisiwa: "Unasikia, Luseane? Limetulia. Limetulia kabisa."

Nilirudisha nikasikiliza tena. Hafanyi mzaha. Unamjua, hafanyi mzaha na gari.

Baba hasikii.

Yapange yote kwenye mstari mmoja uone. Watu waliomwita naye akawapungia. Wimbo wa Pasaka. Kukaa nyuma kanisani. Majibu yote kuja kwa ujumbe. Wewe huwezi kugundua kwa sababu hamkai kuzungumza, na wengine wanadhani ni uzee na kiburi. Anatazama midomo ya watu na kutikisa kichwa. Gari nalo kwake limenyamaza, kwa hiyo anaamini ni zima.

Na kama hasikii belti, basi hakusikia kaseti yangu. Nilimwambia mwanzoni kabisa, nikiwa nampigia kelele ya furaha, "Baba, isikilize peke yako." Pengine ndilo neno pekee alilolipata. Miezi sita nimekuwa nikilia kwamba baba yangu amenikataa.

Sasa nakuambia, maana nimechoka kuficha. Nilimwomba ruhusa niolewe. Anaitwa Filimone, ni Mtonga wa Ha'apai, tunapogoa pamoja. Ni mpole, anacheka polepole, na anajua kunishikia taa nikiwa chini ya gari bila kunimulika machoni. Sikuandika kwa sababu ombi kama hilo baba huombwa kwa sauti.

Shangazi, nina hofu. Kama ni ule uziwi uliompata babu, hauponi, na gari hilo bila masikio litamuua. Siku moja watu watampigia mayowe ya hatari, naye atawapungia tena. Mimi ni mtoto wake, kichwa chake ni mwiko kwa mkono wangu hata nikiwa hapo. Wewe mambo ya mwili wake huwezi kuyatamka. Lakini wewe ni fahu. Sijui utafanyaje. Nakuomba tu ufanye, na uniandikie upesi. Nikisikia ni uziwi wa kweli, nitaacha yote nirudi, na Filimone ameshaniambia nirudi.

Mwanao,
Luseane


Leimatu'a
1 Agosti 1994

Luseane mwanangu,

Mungu ni mwema, tena ni mcheshi. Kaa chini usome.

Barua yako niliisoma jikoni nikalia kidogo, kisha nikajitukana kidogo, kisha nikatuma ujumbe kwa kaka yangu: "Fahu anaumwa masikio. Kesho kaka anipeleke zahanati ya Neiafu." Hilo hawezi kukataa. Asubuhi wanaume wakalisukuma gari, nami nikakaa nyuma juu ya mkeka, na belti hiyo ikapiga mayowe toka hapa hadi mjini. Nilipofika masikio yalikuwa yameanza kuuma kweli.

Nesi pale anaitwa Atelaite, si ndugu yetu, hana mwiko na kichwa cha kaka yangu Taniela. Niliingia peke yangu nikamweleza kila kitu. Akachungulia masikio yangu akasema, "Mama, haya ni safi kuliko sahani zangu." Nikamwambia, "Yaoshe hivyo hivyo." Akayaosha! Maji ya uvuguvugu hadi shingoni, kwa ajili ya kaka yangu. Nikatoka nje nimejifunga taulo nasema kwa sauti, "Ahaa, sasa nasikia hata mchwa wanavyotafuna!" Watu kwenye benchi wakanitazama.

Atelaite akatoka mlangoni, akamshika baba yako mkono: "Na dereva aingie."

"Mimi? Mimi sina kitu," akasema kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya kisiwa.

"Dada yako mkubwa ameingia bila hofu, wewe unaogopa maji?"

Benchi zima likacheka. Akaingia.

Mimi nilikaa nje nikaomba. Nesi alikuja kunionyesha baadaye kwenye bakuli. Mwanangu, kila sikio lilitoa donge gumu, jeusi kama lami, kubwa kama kunde, na ndani yake sufi! Sufi ya mto wa kulalia. Kumbe akitoka chini ya gari hujisafisha masikio kwa bisibisi nyembamba aliyoifunga sufi, halafu anatia mafuta ya nazi, na kila mwaka anashindilia zaidi. Nesi akasema masikio yenyewe ni mazima. Yaliziba tu. Si uziwi wa babu. Si uziwi wowote!

Nililia pale pale, taulo mkononi.

Alitoka polepole, akisimama kila hatua. Jogoo akawika, akageuka kumtazama. Akaingia ndani ya gari, akawasha, na safari hii lilikubali. Belti ikalia. Luseane, ningetoa mkeka wangu mmoja uuone uso wake. Alizima. Akakaa. Akashuka, akafungua boneti, akaikaza belti pale pale uani pa zahanati, wala hakuchukua muda wa kumenya gimbi. Halafu akasimama amenipa mgongo, kama inavyopasa, akasema:

"Dada, gari hili linalia hivi tangu lini?"

"Tangu kabla ya Krismasi."

"Na hamkuniambia?"

"Tulikupungia mikono."

Akaifunga boneti. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikajua anacheka, nami nikacheka upande wangu. Kwa miaka yote hii sikuwa nimecheka na kaka yangu tangu tukiwa watoto wadogo.

Njia nzima aliimba. Tulipofika akaichukua redio na kaseti yako, akafunga mlango. Nami nikaenda jikoni. Maneno sikuyasikia, na nisingesikiliza. Nilisikia tu kitufe kikibonyezwa, kanda ikirudishwa, kitufe tena. Tena na tena. Asubuhi nikakuta mlangoni kwangu kiazi kikuu cha kwanza cha shamba lake, kile kirefu cha kupelekewa machifu, kimewekwa juu ya jani.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wetu ameumbuliwa na belti, tushukuru.

Filimone wa Ha'apai! Watu wa Ha'apai wanajua kuvua tu, kiazi wakikipanda kinatoka kimeinama. Haidhuru. Tutamfundisha.

Barua ya baba yako imo humu, na kitu kingine.

Shangazi yako mwenye masikio safi,
Lesieli


Leimatu'a
1 Agosti

Luseane,

Mimi mzima. Betri inachaji. Maji hayachemki. Belti ina nyufa kidogo kwa ndani, itafika Krismasi, si zaidi. Shangazi yako alikuwa amesema kweli na mimi nilibisha. Usimwambie, ingawa ataisoma barua hii kabla ya kuibandika.

Kaseti yako ya mwaka mpya niliisikia kama mtu anayezungumza ndani ya tangi. Nilijua unaomba. Sikujua unaomba nini. Kupandisha sauti niliogopa, kuta zetu nyembamba na uliniambia nisikilize peke yangu. Kumwomba dada anisikilizie, haiwezekani. Nilisema moyoni kwamba nimekuwa kama babu yako, na ukijua utaacha kazi yako urudi kuniongoza kwa mkono. Nikaona heri unikasirikie ukiwa huko. Nilikosea. Mtoto akiomba halafu baba akanyamaza, ni baridi kali sana hiyo. Nisamehe.

Uliomba kwa sauti. Jibu ni la sauti. Kaseti ni ile ile yako, upande wa pili. Sikiliza peke yako.

Baba


Robinvale
27 Agosti 1994

Shangazi yangu, mwenye masikio safi kuliko sahani za nesi,

Ashukuriwe Mungu aliyekupa akili ya kuosha sikio lisilo na uchafu. Mimi mzima, mzima kabisa, sijawahi kuwa mzima hivi mwaka huu. Mizabibu imeanza kuvimba machipukizi. Nimenunua belti mbili mpya, nimepima kwa kumbukumbu ya mkono wangu na najua hazitakosea.

Nilimtoa Filimone nje kabla ya kuweka kaseti. Akakaa uani kwenye tairi kuukuu, kwenye baridi, amekunja mikono kama mtu anayengoja hukumu.

Mwanzo ni gari. Baba aliliwasha, likashika mara moja, likaanza kunguruma chini chini kwa utulivu hata nikadhani ni gari jingine. Aliliacha lizungumze kwa muda mrefu. Namjua, alitaka nilisikie vizuri kwanza, mambo mengine baadaye. Kisha akazima. Nikasikia kuku, na kengele ya kanisa, na wewe ukimfukuza nguruwe jikoni, usibishe, ni sauti yako.

Halafu akasema, bila kupaza sauti, ile sauti yake ya zamani aliyokuwa akiniambia nimletee spana: "Luseane. Nimekusikia."

Nikasikia akivuta ndoo, akakaa.

"Ndiyo," akasema. Kisha akakohoa, akauliza huyo Filimone anaimba sauti gani, maana kwaya imekwisha kumpata besi wake, sasa inakosa mtu wa teno, ile sauti ya juu ya wanaume.

Shangazi, nililia kwa kelele hadi Filimone akaingia mbio, akidhani nimekataliwa. Nikairudisha kanda kidogo, nikamsikilizisha lile neno moja tu.

Filimone anaimba teno.

Tandika mikeka, Shangazi. Hata ule wa tatu.

Mwanao,
Luseane